Sajenti Zelinka na Tuta la Mtaa wa Sita

Machi 2

Ruthanne ameninunulia daftari hili na kulitupa mezani kando ya sahani yangu. "Bwata humo," amesema. "Masikio yangu yamejaa." Tumeoana miaka ishirini na miwili. Mke wangu akisema amechoka, amechoka kweli. Basi nabwata humu.

Jambo lenyewe ni hili. Jana tulikuwa na mazoezi ya mwezi. Sisi ni Walinzi wa Jimbo, askari wa siku mbili kila mwezi. Siku nyingine mimi natengeneza matrekta ya watu hapa Vangsby. Kapteni Ostby alitupanga mstari ndani ya bohari akatusomea amri kutoka juu. Watu waliobadili jinsia hawatakiwi tena jeshini. Walio ndani wajitokeze wenyewe kabla ya tarehe waliyopewa na waondoke kwa hiari. Wasiojitokeza watatafutwa kwenye mafaili ya hospitali. Alisoma mbio mbio, kama mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa.

Tuko tisini na wawili. Hakuna aliyegeuza kichwa, na kila mmoja alijua Zelinka amesimama wapi.

Sajenti Zelinka ndiye dereva wangu wa katapila. Ana miaka kumi na minne ya utumishi. Tulikuwa wote Afghanistani, tukisafisha mabomu barabarani. Miaka sita iliyopita alikuja karakana kwangu, akafunga mlango, akaniambia kwamba tangu utotoni anajijua kuwa ni mwanamke, kwamba ameanza matibabu, na kwamba jina lake sasa ni Nadine. Nilimjibu, "Wewe fanya kazi yako, mengine hayanihusu." Nilijiona muungwana.

Na kwa kuwa daftari ni langu niseme ukweli: niliposikia amri jana, nusu yangu ilipumua. Nimechoka na ubishi wa hema gani, bafu gani, nani alale wapi. Nikasema, haya, sasa litakwisha.

Nafuu hiyo haikudumu hata hadi chakula cha mchana.

Machi 3

Theluji. Mto Pelham bado uko chini ya barafu. Gia ya trekta la Gunderson imekufa kabisa.

Machi 5

Bado nayasikia maneno ya bwaloni siku ile ya mazoezi, kwa hiyo nayaandika.

Koplo Lunde ndiye aliyeanza. Ana miaka ishirini na mitatu, baba yake analima biti za kutengenezea sukari, na hajawahi kuwa na wazo akalificha. "Mimi simchukii mtu," akasema, mdomo umejaa viazi. "Ila jeshi si zahanati. Mimi ningekuwa na pumu wasingeniandikisha. Kwa nini mtu mwenye dawa za kila wiki abaki?"

"Una pumu?" Brenna Fossum akamuuliza. Brenna ni koplo wa huduma ya kwanza.

"Sina. Natoa mfano."

"Toa mfano wa ulichonacho. Hilo tumbo, kwa mfano."

Meza ikacheka. Lunde akawa mwekundu. "Sawa, dada. Wewe ulilala naye hema moja wiki mbili. Sema kweli mbele ya watu, ulipenda?"

Brenna akaweka uma chini. "Sikupenda kwamba sikuulizwa. Niliambiwa tu, huyu analala hapa. Iliniudhi, na mpaka leo inaniudhi. Yeye mwenyewe hakunifanyia kitu isipokuwa kukoroma." Akafikiri kidogo. "Na sasa naona naye haulizwi."

Zelinka alikuwa meza ya pili, ametupa mgongo. "Nawasikia, jamani," akasema bila kugeuka. "Na sikoromi. Napumua kwa nguvu."

Watu walicheka tena, lakini kwa aibu, na mimi nilikunywa kahawa yangu nikijifanya nasoma ratiba.

Machi 16

Kapteni ameniita ofisini. Yeye si mtu mbaya. Ni mhasibu wa kampuni ya nafaka aliyevaa nyota, anaogopa makosa ya tahajia kuliko risasi. Amenipa fomu. Mimi ndiye msimamizi wa Zelinka, kwa hiyo mimi ndiye wa kumpa ushauri na kumsainisha.

"Nimshauri nini, afande?"

"Mshauri kwamba ameshauriwa."

"Kuhusu nini?"

"Imeandikwa hapo, Bjerke. Asaini chini."

Nilimkuta Zelinka kwenye uwanja wa mashine, analitia katapila grisi. Alisoma fomu yote, mbele na nyuma, huku grisi ikiacha alama za vidole pembeni. Kisha akanirudishia.

"Hapa wanasema natoka kwa hiari yangu. Sina hiari hiyo. Wakinitaka nje, wanitoe wao."

"Ukitoka mwenyewe mambo yatakuwa mepesi."

"Kwa nani, mzee?"

Nilirudi kwa Kapteni na fomu yenye grisi. Akasema fomu chafu haipokelewi. Amechapa nyingine.

Machi 21

Jaji mmoja amesimamisha amri. Kapteni: "Tusubiri." Fomu imewekwa kwenye droo.

Machi 26

Joto ghafla. Theluji inayeyuka upande wa kusini wa paa. Mto futi kumi na tisa.

Machi 29

Fomu imetoka kwenye droo. Sielewi jaji yupi amesema nini. Nilimuuliza Kapteni, naye haelewi. Nilimpigia Zelinka simu, akasema wakili wake anaelewa nusu.

Machi 31

Fomu imerudi kwenye droo. Futi ishirini na mbili.

Aprili 4

Mvua juu ya theluji. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Kila mtu wa bonde hili anaijua. Ardhi chini bado imeganda kama saruji, maji hayana pa kuzama, yote yanakwenda mtoni. Futi ishirini na sita. Mjini wameanza kujaza viroba vya mchanga.

Aprili 6

Futi ishirini na tisa. Fomu imetoka tena, na safari hii imekuja na barua. Zelinka amepewa likizo ya lazima mpaka shauri lake liishe. Asije bohari, asivae sare, asiguse kifaa cha jeshi. Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea barua nyumbani.

Alinifungulia mlango akiwa ameshika ndoo. Chini ya nyumba yake maji yameanza kupenya. Aliisoma amesimama. "Mvua hii yote," akasema, "na wanaficha dereva."

Nikasema nitazungumza na Kapteni.

"Usiseme utazungumza kama hutazungumza."

Nilizungumza. Kapteni alisema mikono yake imefungwa. Nilimtazama mikono, alikuwa ameshika kalamu na andazi.

Aprili 8

Gavana ametuita. Futi thelathini na tatu. Tuta linalouzuia mto usiingie mjini lina kimo cha futi arobaini.

Aprili 9

Viroba. Viroba. Mgongo.

Aprili 10

Futi thelathini na saba na nusu. Lunde ndiye anayeendesha katapila sasa, maana kwenye orodha ndiye aliyebaki mwenye cheti. Ana saa kumi na moja tu za mafunzo. Zelinka ana miaka kumi na minne. Nimeandika hivyo kwa kalamu nzito hadi karatasi ikachanika.

Aprili 13

Leo naandika yote, hata Ruthanne akiniita mara ngapi. Tumelala kwa mama yake. Kwetu hakuna umeme.

Jana asubuhi nilikuwa Mtaa wa Sita, mahali tuta linapopinda. Upande wa barabara wanawake wa kanisa la Kilutheri walikuwa wakijaza viroba, na katikati yao, ndani ya jinzi na mabuti ya mpira, alikuwa Zelinka, ana koleo, anajaza viroba kama raia yeyote. Brenna alimwona kwanza. "Dada Nadine!" akapiga kelele, akaenda kumpa glavu zake. Askari wengine walipunga mkono. Lunde alitazama kando.

Kama saa nne Zelinka akaacha koleo, akatembea chini ya tuta polepole akiangalia miguu yake. Akaniita.

"Njoo uone haya maji."

Palikuwa na chemchemi ndogo inabubujika kwenye majani, ukubwa wa sahani. Nikamwambia ziko nyingi, tumehesabu tano.

"Hizo tano maji yake ni safi. Maji safi si neno, yanapenya tu. Haya yana matope. Matope haya ni tumbo la tuta, mzee, linatoka. Viroba havitasaidia. Lete udongo wa mfinyanzi, umwage hapa upande wa ndani, katapila liusukume na kuukandamiza. Lakini dereva aje kwa mshazari, na asikanyage pale penye majani yaliyolala. Pale pameoza."

Nikaita malori. Udongo ukaja. Lunde akaja na katapila. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, akaitikia "ndiyo, afande" kabla sijamaliza, na uso wake ulikuwa mweupe. Alisukuma vizuri mara mbili. Mara ya tatu akanyoosha moja kwa moja, mnyororo wa kushoto ukapita juu ya majani yaliyolala, na katapila likainama upande kama ng'ombe anayelala. Akaongeza mafuta. Likazama zaidi.

"Acha! Acha mafuta!" Zelinka alikuwa akipiga kelele kutoka nyuma ya kamba iliyowazuia raia. Alikuwa hatua nne kutoka kwenye ngazi ya katapila. Hatua nne. Nilizipima baadaye.

Kapteni Ostby alikuwa amefika. Lunde akatutazama kupitia kioo, kijana mzima anakaribia kulia. Zelinka akanitazama mimi. Alikuwa ananingoja niseme neno moja, panda. Na mimi nikamtazama Kapteni.

Kapteni akasema, "Raia hawagusi kifaa cha jeshi, Bjerke. Unajua hilo."

Nikasema, "Ndiyo, afande."

Zelinka alisubiri kidogo tu. Kisha akaruka kamba, akaenda akasimama mbele ya katapila, mahali Lunde angeweza kumwona, akaanza kumwongoza kwa mikono. Nyuma kidogo. Simama. Inua sahani ya kusukumia udongo. Nyuma tena. Kapteni alifungua mdomo akaufunga; kusimama matopeni hakujaandikwa popote. Lunde hakutazama kando tena. Alifuata mikono ile kidole kwa kidole. Katapila lilitoka. Lakini lilitoka baada ya saa moja na dakika arobaini, na muda wote huo hakuna koleo moja la udongo lililosukumwa.

Saa tisa na robo alasiri tuta liliachia. Halikupasuka kwa kishindo kama watu wanavyofikiri. Lilikaa chini, kama mtu aliyechoka, na maji yakapita juu yake. Tulikuwa tumeshaondoa watu wote. Hakuna aliyekufa. Nyumba thelathini na moja zimezama hadi madirishani, yetu ikiwa ya tisa kutoka kona.

Siwezi kuapa kwamba angepanda yeye tungeliokoa tuta. Nimeligeuza kichwani tangu jana. Labda lingeachia saa kumi. Labda lingeshika. Sitajua, na hilo ndilo linalonila: nilikuwa na nafasi ya kujua, nikaitumia kumtazama Kapteni.

Aprili 15

Futi thelathini na sita. Inashuka. Jokofu letu limekutwa kwenye ua wa jirani, mlango wazi, na samaki mdogo ndani.

Aprili 22

Tunatoa matope sebuleni. Ruthanne alikuta picha za harusi zimeshikana kama matofali. Hakulia. Aliniuliza, "Ni kweli Nadine alikuwa pale pale?" Nikasema ndiyo. Aliendelea na koleo bila kunitazama mpaka jioni.

Aprili 27

Nimekwenda kwa Zelinka. Nyumba yake haikuzama, ila chini pananuka. Nilimpelekea bakuli la viazi na nyama alilooka Ruthanne. Alilipokea, akaliweka kwenye ngazi, hakunikaribisha ndani.

"Nimekuja kusema pole," nikasema.

"Kwa lipi?"

"Kwa walivyokufanyia."

"Wao?" Akacheka bila furaha. "Mzee, wao siwajui. Sijawahi kuwaona. Wewe nilikuona. Uliniangalia mimi, kisha ukamwangalia Ostby."

"Ilikuwa amri."

"Afghanistani uliambiwa usirudi kunichukua kwenye lile gari lililolipuliwa. Ilikuwa amri. Ulirudi."

Hapo nikasema la kijinga. Nikasema miaka yote hii sijawahi kumsumbua, sijawahi kumcheka, sijawahi kusema neno.

"Ndiyo," akasema. "Hujawahi kusema neno. Nilikuja kwako nikakwambia kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kumwambia mtu, ukasema hayakuhusu. Miaka sita nilifikiri ile ni heshima. Kumbe ulimaanisha ulichosema."

Akachukua bakuli akafunga mlango. Nilirudi kwenye gari. Nilikuwa na hasira, na nilitaka sana iwe hasira juu yake.

Mei 3

Mazoezi. Barua ya pongezi imesomwa: kila askari aliyekuwa zamu kwenye mafuriko atapewa utepe wa kuvaa kifuani. Lunde alinyanyua mkono. "Na Sajenti Zelinka, afande?" Kapteni akasema hakuwa zamu. Lunde akasema, "Mimi nilikuwa zamu na ndiye aliyenitoa matopeni." Kapteni akasema wapige makofi. Wachache walipiga.

Baadaye nikamuuliza Lunde kama amebadili mawazo. "Kuhusu amri? Sijui," akasema. "Bado naona jeshi lina haki ya kuchagua. Lakini wachague basi. Yule hakuna aliyemtazama akamchagua au akamkataa."

Mei 10

Majaji wamesema tena. Safari hii amri inasimama imara, fomu hazirudi kwenye droo.

Mei 19

Mvua ya kawaida. Ukuta mpya wa jikoni.

Juni 1

Wakili wa Zelinka amenipigia. Kuna bodi tarehe kumi na mbili, maafisa watatu wataamua. Anaruhusiwa shahidi mmoja wa utumishi wake. "Amenitaja mimi?" nikauliza. "Amesema wewe ndiye uliyeona zaidi," wakili akajibu. Hakusema kama alinitaja kwa wema.

Juni 8

Kurasa tatu. Nimeandika na kufuta wiki nzima. Ruthanne amesahihisha. Barabara tulizosafisha, mashine alizofufua, vijana aliowafundisha, Mtaa wa Sita. Nimeandika pia hatua nne, na nani alisimama wapi, na nani alinyamaza.

Juni 12

Makao makuu ya jimbo, chumba chenye zulia. Kanali aliyekuwa katikati ni mama mwenye sauti ya upole, alinipa maji ya kunywa. Zelinka alikaa na wakili wake, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Niliapishwa. Nikafunua kurasa zangu, nikasema, "Nimemfahamu Sajenti Zelinka tangu—"

"Samahani, Sajenti Bjerke," kanali akasema. "Utumishi wake haubishaniwi. Uko kwenye faili, ni mzuri sana. Bodi hii ina swali moja tu. Je, kwa ufahamu wako, Sajenti Zelinka amepata matibabu ya kubadili jinsia?"

Wakili akasimama kupinga. Akaambiwa akae.

"Afande, nimeandika hapa mambo ambayo—"

"Ndiyo au hapana, Sajenti. Umeapa."

Nilimtazama Zelinka. Safari hii nilimtazama yeye tu. Aliinua kichwa kidogo, kama anavyofanya akimwambia dereva aje.

"Ndiyo," nikasema.

"Asante. Inatosha."

Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti dakika tatu. Nimeendesha maili mia na sitini kwenda kusema neno moja, na neno lenyewe ndilo walilokuwa wanalihitaji. Uamuzi wa kumtoa jeshini ulitoka kabla ya chakula cha mchana.

Kwenye maegesho Zelinka alikuja mpaka kwenye gari langu. "Kurasa ngapi?"

"Tatu."

"Nisomee."

Nilizifungua juu ya boneti, upepo unazipeperusha, yeye akizishika pembeni kwa vidole viwili. Nilisoma yote. Watu walipita na mikoba yao. Alinisahihisha mara moja: mabomu ya barabara moja ya Afghanistani yalikuwa matatu, si manne. Nilipofika Mtaa wa Sita nilisoma bila kuruka neno.

Nilipomaliza akasema, "Ni nzuri." Akazikunja, akaziweka mfukoni mwa koti la sare. "Ungezisema pale kwenye tuta. Hata sentensi moja."

"Najua."

"Haya. Najua kwamba unajua." Akaenda kwenye gari lake.

Juni 30

Mto futi kumi na nne. Mtu asiyejua angeona ni mfereji tu.

Julai 6

Zelinka amepata kazi na kampuni inayojenga tuta jipya. Katapila lao ni kubwa mara mbili ya letu. Leo nilisimama Mtaa wa Sita nikamtazama akisukuma udongo, akija kwa mshazari, sahani ikigusa ardhi kama mtu anayepaka siagi. Aliniona. Alimaliza mstari wake wote, akageuza, akamaliza wa pili, ndipo akazima akashuka.

Nilikuja na ombi, na lilikuwa ombi la haki, niliona hivyo njia nzima. Kikosi hakina dereva wa kufundisha. Lunde yuko tayari kujifunza, ameniomba mwenyewe. Machi ijayo mto utarudi. Nikamwambia Zelinka amfundishe Jumamosi chache tu, mashine ya kukodi, nje ya jeshi, hakuna fomu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Alijifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Lunde ni kijana mzuri," akasema. "Ana mikono. Anaogopa tu."

"Kwa hiyo?"

"Hapana."

Alipanda ngazi, akawasha, akanionyesha kwa kidole nitoke kwenye njia ya mashine, nami nikatoka. Tangu Machi nimesomewa amri, barua, fomu na hukumu, na kila moja ilibidi nielezwe mara mbili. Hapana yake niliielewa mara moja.

Nimemwambia Lunde atafute mwalimu mwingine. Akauliza yupi. Nikamwambia sijui.